Mbio za Mama Kesho

Vuta kiti ukae, maana mwanamke huyu hasimuliwi kwa kusimama. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, tena zuri, ila mtaani hakuna aliyelitumia. Watu walimwita Mama Kesho, na mwenyewe aliitika. Alikuwa fundi cherehani, na kama umewahi kushonesha nguo, umeshajua jina limetoka wapi. Ukimpelekea kitambaa atakupima vizuri, atakusifia umbo hata kama hulioni, kisha ukimwuliza nguo itakuwa tayari lini, atakutazama usoni bila kupepesa na kukujibu, "Njoo kesho." Ukija hiyo kesho, unakuta imesogea. Hakuwa mwongo, hilo tuliseme mapema. Kila alipolitamka neno hilo aliliamini kwa moyo wake wote. Tatizo lake ni kwamba aliwapenda watu kupita kiasi, hakuweza kumkatalia mtu kazi, na mikono ilikuwa miwili tu.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na mlango mmoja unaotazama barabara, meza ya kukatia iliyofunikwa na vipande, rundo la nguo lililofika dirishani, na cherehani ya kukanyaga aliyoachiwa na mama yake mkubwa. Juu ya rafu ilikaa spika ndogo nyekundu ya kuchaji. Bila muziki mama huyu hashoni. Tena alikuwa na mtindo ambao sijauona kwa fundi mwingine: wimbo mmoja, mshono mmoja. Wimbo ukianza, mguu unakanyaga. Wimbo ukiisha, mguu unasimama papo hapo, anakata uzi, anageuza nguo, anasubiri wimbo unaofuata. Amefanya hivyo tangu usichana wake mpaka miguu ikaacha kumwuliza ruhusa. Likumbuke jambo hili, litatusumbua huko mbele.

Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na saluni ya shoga yake, msusi mwenye mwili wake na ulimi wake. Wawili hao walipiga soga kutwa nzima kupitia ukutani, na wateja waliokaa katikati walijua habari za nyumba zote mbili, watake wasitake.

Sasa, katika ahadi zote za Mama Kesho, ilikuwepo moja iliyomkosesha raha. Binti yake alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuja njiti, mdogo kiasi kwamba bibi yake, aliyepima watu maisha yake yote, alishindwa kufikiria shati la kumtosha. Wodi ya watoto njiti ilikuwa na kitanda cha joto kimoja tu kinachofanya kazi, na humo mjukuu wake alilazwa mzungu wa nne na mtoto wa mama mwingine, miguu ya huyu kwenye kichwa cha yule. Muuguzi mmoja mwenye sauti ya chini ndiye aliyewahangaikia. Aliwageuza, akawafunika, akawasemesha kama watu wazima wenzake, mpaka wote wawili wakapona. Siku ya kuruhusiwa, Mama Kesho alimshika muuguzi yule mikono huku machozi yakimtiririka.

"Mwanangu," alimwambia, "kesho nakuja. Nitawaletea kitu cha kuwasaidia hapa."

"Haya mama," muuguzi alijibu, "nitakusubiri."

Hakwenda. Kesho yake kulikuwa na sare za shule, kesho kutwa gauni la bibi harusi, mtondo mapazia ya watu, na mtondogoo akasahau kabisa kwamba siku zinahesabiwa. Mjukuu akajifunza kukaa, kutambaa, kisha kutembea na kuvuta nyuzi za nyanya yake, naye nyanya akawa anamwita mume wangu. Lakini kila alipomtazama, roho ilimsuta. Ilifika mahali, akiwa na safari ya upande wa hospitali, anazunguka njia ya nyuma asije akakutana na muuguzi. Lile neno "nitakusubiri" lilimkwama kama mwiba wa samaki kooni.

Basi siku moja gari la matangazo likapita mtaani. Hospitali imeandaa mbio za hisani kwa ajili ya wodi ya watoto njiti. Kila mtaa utoe watu wawili tu. Wawili hao wakimaliza pamoja, wameshikana mikono, mwenye kiwanda cha magodoro atanunua kitanda kimoja cha joto kwa jina la mtaa wao. Nyuma ya wakimbiaji wote itakuwepo pikipiki yenye bendera nyeupe, na yeyote atakayepitwa na pikipiki hiyo ametoka, mtaa wake umekosa.

Watu wa mtaa walikutana uani kwa fundi viatu kuchagua. Vijana wote, wenye mapafu na magoti, wakasema siku hiyo wana mechi. Kila mtu akaangalia viatu vyake. Mama Kesho akasimama.

"Nitakimbia mimi," akasema.

Wa kwanza kumjibu alikuwa mwalimu wa shule ya jirani, mwanamke mkavu kama chaki yake, ambaye kitambaa chake cha zambarau kilikuwa kwa Mama Kesho tangu watu hawajaanza kukumbuka. "Utakimbia lini?" akauliza. "Kesho?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika kuta. Mama Kesho naye alicheka kidogo, kwa adabu, lakini ndani ilimuuma. Msusi aliona jinsi mwenzake alivyokuwa anakunja na kukunjua ncha ya blauzi yake, akapandwa na hasira. Hakuwa amekimbia tangu alipomfukuza kuku aliyeingia saluni, na kuku yule alimshinda. Hata hivyo alisimama, akajiweka kando ya shoga yake, akawauliza waliokuwa wanacheka kama kuna mwenye swali lingine.

Walianzia mazoezi saluni, jioni, wateja wakishaondoka. Viti vilisukumwa ukutani, spika ikawekwa juu ya draya, na msusi akajipa ualimu kwa sababu vioo vilikuwa vyake.

"Inua goti," alisema.

"Nimeinua."

"Hilo ni goti au ni nia?"

Wakaruka, wakazungusha viuno, wakapunga mikono, wakajigonga kwenye masinki. Binti wa Mama Kesho alikuja kuchungulia na mtoto mgongoni, mtoto akawa anapiga makofi mahali pasipohitaji makofi. Jamani, walivyocheka. Msusi alisema muda wote huu amekuwa akiwapamba wenzake na hakujua kuwa yeye mwenyewe ana mabega. Mama Kesho aligundua kwamba kukanyaga cherehani miaka yote hiyo hakukwenda bure, kwa maana miguu yake haikuchoka. Msusi akiwa amekaa chini anahema, yeye bado anaruka tu, uso mkavu.

Walipohamia barabarani alfajiri, spika ikiwa ndani ya begi, ndipo kasoro ilipojitokeza. Walikuwa wanakimbia vizuri, bega kwa bega, mara Mama Kesho akasimama ghafla katikati ya njia na msusi akamkumba mgongoni.

"Vipi, umechoka?"

"Sijachoka. Wimbo umeisha."

Msusi akadhani ni utani. Wimbo mwingine ukaanza, Mama Kesho akaondoka kama aliyesukumwa, na ulipoisha, akasimama tena na mkono wake wa kulia ukatafuta mkasi ambao haukuwepo. Alijaribu kujikaza akashindwa. Miguu ilikuwa imefundishwa hivyo na haikujua maisha mengine. Msusi akatafakari, akaichukua kadi ya nyimbo na kuipeleka kwa fundi simu, akamwomba aunge nyimbo zote, mkia wa huu kwenye kichwa cha ule, pasibaki hata upenyo. Dawa ikawa imepatikana. Kuanzia hapo Mama Kesho alikimbia bila kukatika, na msusi ndiye aliyeanza kuomba wimbo uishe.

Kilichobaki ni nguo. Msusi alitaka wavae sare, rangi ya ndizi mbivu, ili watu wawaone kutoka mbali. Kitambaa kikanunuliwa mapema, vipimo vikachukuliwa.

"Zitakuwa tayari lini?" msusi aliuliza kupitia ukutani.

Unajua alichojibiwa. Na kila alipouliza tena alijibiwa hivyo hivyo, mpaka ikabaki siku moja, na msusi akaacha kuuliza akaanza kuomba dua.

Asubuhi ya mbio Mama Kesho alitokea uwanjani macho mekundu, uzi umemganda mdomoni, nguo mbili mkononi bado zina joto la pasi. Zilikuwa nzuri, hilo halina ubishi. Ya msusi ilikuwa na mfuko mgongoni, umekatwa sawasawa kwa kipimo cha spika.

"Mkono wa kushoto nimeupiga bandi tu," alimnong'oneza. "Usiunyanyue sana."

"Yaani nakimbia na nyuzi za muda?"

"Nitaumalizia kesho."

Mbio zilianza kwa vifijo. Walikuwepo wapishi wenye kofia zao, maseremala, walinzi wa benki, mabinti wa chuo, na wazee wawili waliokuwa wakibishana juu ya nani alimshinda nani enzi zao. Muziki wa mgongoni mwa msusi uliwavuta na wengine, wakajikuta kundi zima linakwenda kwa mdundo mmoja. Msusi alisahau onyo akampungia mkono mteja wake, na mkono wa nguo ukaning'inia. Mama Kesho aliona, akaangua kicheko, na hakumbuki kama alishawahi kufurahi namna ile akiwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Walipita sokoni, wakapita shuleni, wakapita nusu ya njia. Wakaanza kupanda mwinuko wa bohari, ulio mrefu na usio na kivuli, na kundi likaanza kuwaacha taratibu kwa sababu ya pumzi za msusi. Hilo halikuwatisha. Pikipiki ilikuwa mbali.

Hapo katikati ya mwinuko spika ikakohoa. Ikatoa mlio kama wa kuku aliyekanyagwa, kisha ikanyamaza. Na Mama Kesho akasimama.

Msusi alienda hatua kadhaa peke yake kabla ya kugundua. Akarudi. "Uliichaji jana?" akauliza.

Mama Kesho aliuma mdomo. "Jana nilikuwa nashona."

"Kwa muziki?"

"Sasa ningeshonaje bila muziki?"

Usiku kucha spika ilikuwa imeimba juu ya rafu mpaka nguo ya mwisho ilipokwisha, na hakuna aliyekumbuka kuilisha. Msusi alifungua mdomo ampe vidonge vyake, akamwona mwenzake alivyosawijika, akaufunga. Mama Kesho alikuwa anaitazama miguu yake kwa woga. Aliiamuru. Ikasogea kidogo, ikasita, ikasimama tena. Haikuuma, haikuchoka, ilikuwa inasubiri wimbo tu. Kutoka chini ya mwinuko ukasikika mngurumo wa pikipiki.

"Nitamwambia nini yule mtoto wa watu?" alisema. Msusi alijua ni muuguzi anayesemwa. "Alisema atanisubiri. Nikikwama na leo, mimi sina tena uso wa kwenda kwake."

Msusi akamshika mkono, akaanza kuimba. Alijaliwa mengi mwanamke yule, ila sauti walimnyima. Aliimba bila pumzi, akarukaruka maneno, akapanda mahali pa kushuka, na miguu ya Mama Kesho ikamsikiliza kwa mashaka, ikaenda, ikasita, ikaenda tena. Wakamaliza mwinuko hivyo, kwa kukokotana, mkono wa nguo ya msusi ukiwa umeanguka kabisa na kubaki njiani. Msusi hakugeuka kuuokota. Mngurumo ulikuwa umeshasogea, na sauti yake ya kuimba ilikuwa imebaki kama ya mtu anayepuliza chai.

Wakakata kona, wakaingia kwenye mtaa wao wenyewe. Njia ya mbio ilipita hapo kabla ya kufika hospitali, na watu wote walikuwa wametoka vibarazani. Waliwaona wawili wale wanavyokuja, mmoja hana mkono wa nguo na mwingine anatembea kama saa mbovu. Minong'ono ikaanza. Mama Kesho akainamisha kichwa.

"Mama Kesho," sauti ikaita kutoka kibarazani kwa fundi viatu. Alikuwa ni mwalimu. "Gauni langu lini?"

Yeye hata hakuinua macho. Jibu lilitoka lenyewe, kama kikohozi. "Njoo kesho, mwalimu."

Mtaa mzima ukapasuka kwa kicheko. Mwalimu hakucheka. Alishuka kibarazani akasimama ukingoni mwa barabara, akapiga kofi moja kavu, lile wanalolijua vizuri wanafunzi wake.

"Sitaki kesho," akasema. "Leo."

Akapiga tena. "Leo." Akapiga tena. Wa kwanza kumwitikia alikuwa mama wa sare za shule, kisha mwenye mapazia, kisha bibi harusi wa wakati ule, sasa mama wa mtu. Leo. Leo. Leo. Fundi viatu akachukua nyundo yake akagonga kwenye chuma. Mama wa mgahawa akagonga mfuniko. Kila mwenye kitambaa chake katika lile rundo la dirishani, na hao ndio karibu mtaa mzima, alikuwa na sababu yake ya kulisema neno lile kwa nguvu, na walilisema kwa pamoja, kwa mwendo usiopanda wala kushuka.

Mguu wa kulia wa Mama Kesho ukakanyaga. Wa kushoto ukafuata. Aliinua kichwa, na msusi akausikia mkono aliokuwa ameushika ukikaza, na kabla hajajua nini kinatokea alikuwa anavutwa.

"Taratibu, mwenzangu," alilalama. "Mimi si gari."

Wateja hawakubaki nyuma. Walijua wakibaki, mdundo nao utabaki, kwa hiyo walishuka barabarani wakakimbia kando yao, na ndara zao, na aproni zao, wakipiga makofi njia nzima. Mwalimu alikuwa mbele ameinua sketi. Hata mwenye pikipiki, ambaye suruali yake nayo ilikuwa kwenye rundo, alisikika akisema leo huku akiwafukuza, maana kazi ni kazi. Alikuwa amewakaribia kiasi kwamba msusi alihisi moshi kwenye vigimbi vya miguu. Binti wa Mama Kesho alikuwa ameshafika kwenye lango la hospitali na mtoto mabegani, na mtoto, alipomwona nyanya yake, akaanza kupiga makofi, safari hii mahali penyewe hasa.

Wakavuka utepe wameshikana mikono, pikipiki ikiwa nyuma yao hatua chache. Msusi alijilaza chini papo hapo akatangaza kwamba asiguswe na mtu. Mama Kesho alibaki amesimama, miguu bado inakanyagakanyaga, anatafuta kwa macho.

Muuguzi alikuwa kwenye meza ya maji. Alikuja na kikombe, akampa, akamtazama vizuri, halafu akamtazama mtoto aliyekuwa mabegani mwa mama yake.

"Huyu si mmoja wa wale wawili wangu?" akauliza kwa sauti yake ile ya chini.

"Ndiye," Mama Kesho akasema. Kikombe kilikuwa kinamwagika. "Mwanangu, nilikuambia nitakuja."

"Ulisema kesho, mama."

"Ndiyo hii."

Muuguzi alimkumbatia, jasho na yote, na Mama Kesho akalia kilio kirefu cha raha ambacho kilikuwa kimemsubiri muda mrefu kama yeye alivyosubiriwa. Hakuna aliyemtania. Mwalimu aligeukia ukuta akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa ndara.

Kitanda kilikuja, kikawekwa karibu na dirisha la wodi, na ubavuni kikaandikwa jina la mtaa. Lakini alasiri ile ile ya mbio, Mama Kesho aliporudi kazini kwake, alimkuta mwalimu ameshakaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani.

"Sikuja kesho," mwalimu akasema.

Mama Kesho alivuta kitambaa cha zambarau kutoka chini kabisa ya rundo, akakipangusa, akakikata, akaketi kwenye cherehani. Spika ilikuwa bado imelala rafuni, haina hata tone la chaji. Akaweka mguu wake juu ya ubao wa kukanyagia akasubiri kidogo, kwa mazoea. Mwalimu akaliona hilo. Akaweka mkoba chini, akaanza kupiga makofi polepole, na mguu ukaenda. Mshono wa kwanza ulipokwisha mwalimu akachoka, akashusha mikono. Chumbani hapakuwa tena na makofi wala wimbo.

Kutoka upande wa pili wa ukuta, sauti ya msusi ikauliza kwa uchovu kama kuna anayeshona huko au ni masikio yake tu. Cherehani ilikuwa inaendelea.